Kipande cha ngozi chenye nota: namna ya kukihoji mpaka kitaje kitabu chake

Kati ya vitabu vyote vya zama za kati vilivyokatwakatwa Ulaya, hakuna vinavyojitambulisha upesi kama vitabu vya nyimbo za ibada. Kipande cha mahubiri au cha sheria chenye maneno manane kinaweza kumsumbua msomi mwezi mzima. Kipande cha antifonari (kitabu cha nyimbo za Masifu, yaani sala za saa mbalimbali za siku) chenye maneno manane, hata kama hakina mwanzo wala mwisho, mara nyingi hupata jina kabla chai haijapoa. Nyimbo hizo zilirudiwa mwaka baada ya mwaka katika maelfu ya makanisa, na aliyeimba Uppsala na aliyeimba Salerno walikuwa na maneno karibu yaleyale mdomoni Jumapili ya kwanza ya Majilio. Kwa hiyo kuutambua wimbo ndiyo sehemu nyepesi. Ugumu ni kujua wimbo huo umetoka katika kitabu cha aina gani, cha karne ipi, cha wapi. Hapo ndipo wengi wanapoteleza.

Tuanze na namna vipande vilivyopatikana, kwa sababu kosa la kwanza hutokea hapa. Ngozi ya ndama, kondoo au mbuzi iliyokwanguliwa ikafaa kuandikiwa ilikuwa ghali na imara. Kitabu kilipoacha kutumika, ngozi yake haikutupwa. Ilikwenda kwa mafundi wa kujalidi vitabu. Uswidi, tangu miaka ya 1530 chini ya mfalme Gustav Vasa, makarani wa kodi walifungia daftari zao za hesabu kwa folio (karatasi za ngozi, kila moja kurasa mbili) zilizotolewa kwenye vitabu vya Kilatini vya makanisa. Ndiyo maana Riksarkivet, hifadhi ya taifa ya nyaraka huko Stockholm, ina vipande zaidi ya 22,000, Maktaba ya Taifa ya Helsinki ina folio kama 9,300 zilizotoka katika vitabu vipatavyo 1,500, na hifadhi ya Oslo, katika Norway iliyokuwa na desturi kama hiyo, ina vipande kama 6,000. Uingereza, sheria ya bunge la 1549–50 iliziorodhesha antifonari, misale (vitabu vya Misa) na vitabu vingine vya ibada ya zamani na kuviondoa katika matumizi. Hata katika nchi zilizobaki Katoliki, Breviari (kitabu cha Masifu) ya 1568 na Misale ya 1570 ziliviacha vitabu vingi vya zamani bila kazi.

Kutokana na hayo, mahali kipande kilipokutwa panakuambia kitabu kilifia wapi, si kilizaliwa wapi. Katika vipande vya Norway zimo kazi za waandishi wa Uingereza. Usiandike kuwa kitabu ni cha Norway kwa sababu tu kipande kiko Oslo.

Kabla ya kusoma neno lolote, pima. Tumia rula ya milimita, urefu kwanza kisha upana. Pima kipande chenyewe, halafu eneo lililoandikwa, halafu kimo cha safu moja ya mistari ya nota kutoka mstari wake wa juu kabisa hadi wa chini kabisa, halafu umbali kutoka msingi wa mstari mmoja wa maneno hadi msingi wa unaofuata. Vipimo viwili vya mwisho ndivyo vyenye thamani kubwa, kwa sababu mkasi wa fundi haukuweza kuvibadilisha. Upana wa folio unaweza kupunguzwa. Mistari ya nota yenye urefu wa milimita 14 itabaki na milimita 14 hata kwenye utepe mwembamba uliotiwa kwenye mgongo wa kitabu. Pima safu tatu au nne kisha chukua wastani, kwa kuwa ngozi hujikunja na kusinyaa unyevu ukibadilika.

Piga picha pande zote mbili, rula ikiwa ndani ya picha. Mwanga wa ubavuni, taa ikiwa chini karibu usawa wa meza, huonyesha mistari iliyochorwa kwa ncha kavu na mahali wino ulipobanduka ukaacha alama. Maneno yaliyofifia mara nyingi hurudi chini ya taa ya urujuanimno, kwa sababu wino wa chuma uliopenya kwenye ngozi huonekana mweusi huku ngozi yenyewe iking'aa. Shika kwa mikono safi, mikavu. Glovu za pamba hukunyima hisia za vidole na hunasa kwenye kingo zilizochanika. Usiweke gundi ya utepe, usitie kwenye plastiki ya moto, na usiloweshe maji. Wino wa chuma hukaa juu ya upande wa nyama wa ngozi kama ganda, na unyevu ukiingia ngozi hutanuka kuliko wino, kisha nota hupukutika moja moja.

Kama kipande bado kimegandishwa kwenye ubao wa jalada, kiache hapohapo. Anayekibandua nyumbani kwa mvuke wa birika huharibu vitu viwili, kipande na jalada, na hupoteza ushahidi wa tatu: uhusiano wa kipande na kitabu kilichokibeba. Kama mtu wa zamani alishakibandua, tazama ubao uliobaki. Wino mara nyingi umeacha chapa yake kwenye gundi, imegeuka kama kwenye kioo. Ipige picha, igeuze kwenye simu, na utasoma ukurasa ambao wenyewe huenda haupo tena duniani.

Sasa maneno. Waandishi walifupisha mno, lakini vifupisho vya vitabu vya nyimbo ni vichache kuliko vya vitabu vya shule, kwa kuwa kila silabi ilihitaji nafasi chini ya nota zake. Utakutana na dns kwa dominus, ds kwa deus, sps kwa spiritus, xps kwa christus, scs kwa sanctus, kila kimoja kikiwa na kistari juu. Aeuia ni vokali za alleluia. Euouae, ambayo humchanganya kila anayeanza, ni vokali za seculorum amen, mwisho wa Atukuzwe Baba. Nota zilizo juu yake zinamwonyesha mwimbaji namna ya kumalizia zaburi. Usiitafute kwenye kamusi ya Kilatini.

Andika unachokiona, si unachokikumbuka. Kisha chagua maneno mawili au matatu yasiyo ya kawaida uyatafute katika Cantus, hifadhidata iliyoanzishwa na Ruth Steiner huko Washington katika miaka ya 1980, au katika Cantus Index inayounganisha hifadhidata kadhaa. Jaribu u na v, i na j, e na ae, maana tahajia ilikuwa huru: mihi huandikwa michi, nihil huandikwa nichil. Kila wimbo una namba. Namba nyingi za nyimbo za Masifu zimetokana na kazi ya René-Jean Hesbert, juzuu sita zilizotoka kati ya 1963 na 1979. Ukiona 006 au 007 mwanzoni, kwa kawaida ni responsorio, yaani kile ambacho Sala ya Kanisa ya Kiswahili huita kiitikizano. Nyimbo za Misa huanza na herufi g. Sekwensia (nyimbo ndefu zilizoimbwa baada ya aleluya ya Misa) na tenzi za watakatifu wa mahali zitafute katika Analecta hymnica, juzuu 55 zilizochapishwa kati ya 1886 na 1922.

Maneno matatu hayatoshi. Natus est nobis yako katika wimbo wa mwanzo wa Misa ya mchana wa Noeli, Puer natus est nobis, na yako pia katika antifona (wimbo mfupi unaoandamana na zaburi) ya Yohane Mbatizaji, Puer qui natus est nobis plus quam propheta est. Mmoja ni wa Desemba, mwingine wa Juni. Ukisimama kwenye maneno matatu umekosea nusu mwaka.

Nichukue mfano mmoja tuuhesabu mpaka mwisho. Utepe umekatwa kwa mlalo, una mistari 4 ya maneno kila upande, kila mstari na nota zake. Upande mmoja unasomeka ecce video dei potentiam venientem et nebulam totam. Upande wa pili unaanza si tu es ipse qui regnaturus es in populo israel, kisha alama nyekundu ya ubeti. Huu ni Aspiciens a longe, namba 006129, responsorio ya kwanza kabisa ya Jumapili ya kwanza ya Majilio, wimbo uliofungua mwaka wa Kanisa. Kati ya totam na si tu yamepotea maneno terram tegentem ite obviam ei et dicite nuntia nobis, herufi 44. Mistari iliyobaki ina wastani wa herufi 11. Kwa hiyo imepotea mistari 4.

Hapa kuna jambo zuri ambalo watu hulipita. Mistari hiyo 4 imegawanyika: mingine ilikuwa chini ya utepe upande wa kwanza, mingine juu ya utepe upande wa pili. Lakini utepe ni uleule, na uko kimo kilekile pande zote mbili. Iliyokuwa juu yake upande mmoja ni idadi sawa na iliyokuwa juu upande wa pili. Basi jumla ya mistari iliyopotea kati ya pande mbili ndiyo hasa idadi ya mistari iliyokatwa kwenye kila ukurasa. Mistari 4 iliyopo, 4 iliyopotea: ukurasa ulikuwa na 8. Kama umbali wa msingi hadi msingi ni milimita 28, eneo lililoandikwa lilikuwa na kimo cha milimita 224 hivi. Na maneno yaliyotangulia utepe, Aspiciens a longe, ni herufi 15, ambazo zikiwa na herufi kubwa A iliyopambwa hujaza mistari miwili bila shida. Umepata ukurasa mzima kutoka kwenye kipande ambacho fundi alidhani ni uchafu wa karakana.

Hesabu hii ina udhaifu wake. Responsorio hupenda kurefusha silabi moja kwa nota 15 au 20, na hapo herufi hutawanyika. Ruhusu kosa la mstari mmoja, au miwili kama kipande kina mistari miwili tu ya kupimia.

Wimbo ukishajulikana, uliza ni kitabu gani. Msomaji anayesali Masifu kwa Kiswahili anaijua mifupa hii: antifona, zaburi, Atukuzwe Baba, antifona tena. Euouae zikifuata nyimbo fupi moja baada ya nyingine, hiyo ni antifonari. Ukiona wimbo mmoja mrefu, kipande kifupi cha zaburi, kisha graduale, aleluya, ofertorio na komunyo, ni Misa. Kama ni nyimbo tupu, kitabu chenyewe pia huitwa graduale. Kama kati yake kuna sala na masomo, ni misale yenye nota. Katika misale na breviari maneno ya nyimbo huandikwa kwa herufi ndogo kuliko sala na masomo, hata pale ambapo nota hazikuandikwa. Kwa hiyo herufi zinazobadilika ukubwa katika ukurasa mmoja si mwandishi kuchoka. Ni alama ya kuwa hapo mtu aliimba.

Hesabu pia viitikizano vya sala ndefu ya usiku. Makanisa ya mapadre wa jimbo yalikuwa na 9 siku za sikukuu, vitatu kwa kila sehemu. Wamonaki waliofuata Kanuni ya Benedikto walikuwa na 12, vinne kwa kila sehemu. Ukikuta cha nne kabla sehemu ya kwanza haijafungwa, umeshaingia monasteri.

Nota zenyewe zinahitaji macho mapole. Katika nota za kale zaidi hakuna mistari: vijialama vidogo juu ya maneno vinamkumbusha mwimbaji wimbo anaoujua tayari. Guido wa Arezzo, mwanzoni mwa karne ya 11, alieneza mistari yenye ufunguo, mara nyingi mstari wa fa ukiwa mwekundu na wa do wa njano. Mwalimu yeyote wa kwaya anayefundisha kwa do re mi ataufahamu mfumo huu kwa siku moja: herufi c imekaa kwenye mstari wa do, herufi f kwenye mstari wa fa, basi. Nota za mraba zilienea kutoka Ufaransa tangu mwisho wa karne ya 12, kwa kawaida kwenye mistari 4 myekundu. Nchi za Kijerumani zilibaki na nota zao zenye kichwa kama msumari wa kwato za farasi hadi karne ya 16. Wengi huona nota zisizo na mistari wakaandika karne ya 10 papo hapo. Makanisa ya Kijerumani yaliendelea kuziandika hivyo hadi karne ya 12 na hata zaidi, kwa hiyo tarehe iamuliwe na mwandiko wa maneno kwanza.

Ufunguo ukiwa umekatwa, tafuta bemoli, alama ya kushusha nota kwa nusu toni. Katika nyimbo hizi bemoli hukaa kwenye ti, hivyo ukiiona umejua ti iko wapi na mistari yote imepata majina. Tafuta pia kijinota kidogo mwisho wa mstari, custos, kinachomwambia mwimbaji mstari ufuatao unaanza kwa nota gani. Wasomaji wa hati za kale za mwambao wanalijua jambo la namna hii: neno la ukurasa ujao linaloandikwa chini ya ukurasa uliopo ili mfululizo usipotee. Custos mbili zinazoafikiana na nota za mwanzo wa mistari inayofuata zinaweza kuunganisha tepe mbili ambazo hazina hata neno moja zima. Ukitaka kutafuta kwa melodia, iandike kwa Volpiano, mfumo wa kompyuta unaowakilisha kila nota kwa herufi: re ya chini ni d, la ni h, do ya juu ni k. Herufi i haitumiki kama nota, kwa sababu imetengwa kwa bemoli.

Tarehe hubanwa kwa sikukuu. Mtakatifu Fransisko alitangazwa 1228, Dominiko 1234. Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo iliamriwa 1264 lakini ilisambaa hasa baada ya 1317. Birgitta wa Uswidi alitangazwa 1391. Wimbo wa Birgitta ukiwa umeandikwa na mkono uleule wa ukurasa mzima, kitabu hakiwezi kuwa cha karne ya 13, hata kama herufi zinaonekana za kale. Ukiwa pembezoni kwa mkono mwingine, unakuambia tu kwamba kitabu kilikuwa bado kinatumika. Watu huchanganya hali hizi mbili kila siku, na tarehe nyingi za ajabu katika katalogi zimezaliwa hapo.

Mahali pa asili hutajwa na watakatifu wa mahali: Erik na Henrik kwa Uppsala na Turku, Olav kwa Nidaros (Trondheim ya leo, Norway). Tazama pia kilichofutwa. Novemba 1538 mfalme Henry VIII wa Uingereza aliamuru jina la Thomas Becket lifutwe katika vitabu vyote. Kipande chenye nyimbo za tarehe 29 Desemba zilizokwanguliwa au kupigwa mistari kilikuwa Uingereza mwaka huo, hata kama leo kiko kwingine. Kama huna mtakatifu wa mahali, mfululizo unaweza kusema. Baada ya Aspiciens a longe vitabu vingi vinaendelea na Aspiciebam na Missus est, lakini mbele zaidi makanisa yalitofautiana kwa mpangilio na kwa uteuzi wa beti, na Hesbert alilinganisha mamia ya vitabu kwa njia hiyo hasa. Ndiyo maana ubeti mmoja uliobaki nusu, unaofuata responsorio ambayo kila mtu anaijua, unaweza kuwa na thamani kuliko herufi ya dhahabu.

Kuhusu soko, neno moja tu kwa anayeuziwa. Folio kubwa ya kimo cha sentimita 50 hadi 80, ngozi nene, mistari 5 ya nota, nota za mraba kubwa, ikiuzwa kama ya karne ya 12, karibu kila mara ni ya kitabu cha kwaya cha Hispania cha karne ya 16 hadi 18. Ni halali na nzuri, ila si ya zama za kati. Na picha ndogo maridadi mno juu ya ngozi ambayo nota zake zimekwanguliwa iogope. Yule anayeitwa Mghushi wa Hispania alichora hivyo juu ya ngozi halisi karibu na mwaka 1900.

Kibaya zaidi ni kuvunja vitabu vizima. Misale yenye nota ya kanisa kuu la Beauvais, Ufaransa, ya mwisho wa karne ya 13, ilinunuliwa na William Randolph Hearst, tajiri wa magazeti wa Marekani, mwaka 1926 ikiwa nzima. Mwaka 1942 iliuzwa, na wafanyabiashara Philip Duschnes na Otto Ege wakaitawanya folio moja moja. Msomi wa hati za kale Lisa Fagin Davis amekuwa akizikusanya kwa picha, na zaidi ya 100 zimepatikana. Folio za namna hiyo hutambulikana kwa mapambo, kwa mwandiko, na kwa vipimo vinavyolingana kwa milimita. Kwa hiyo hata ukishindwa kusoma neno lolote katika kipande chako, andika kimo cha mistari ya nota, idadi ya mistari katika kila safu na rangi yake, kisha pakia mtandaoni picha za pande zote mbili, rula ikionekana.